Ukurasa wa Pili

Mbuchi, mwezi mosi Mfunguo Sita
(2 Mei 1938)

Kwa Mtoro bin Sadala, Dar es Salaam.

Salamu sikuandikii, kwa kuwa sijui nikusalimu kama nani. Ungekuwa mume wangu ningeanza na kukuuliza kifua chako kama kimepoa. Ukiwa mtu aliyeniacha, kifua chako si shughuli yangu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Shaban wa lori aliishusha Kibiti, ikaletwa hadi kwa baba yako mdogo, Mzee Mwinjuma, maana jina lake ndilo uliloandika juu ya bahasha, kama desturi yako. Watu walikuwa wamejaa barazani kwake wakipanga Maulidi, na barua ya Dar es Salaam hapa haisomwi na mtu mmoja. Akavaa miwani akasoma kwa sauti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu kwa kila mtu mpaka mwadhini, na watu wakaitikia. Kisha akageuza. Ukurasa wa pili ninao hapa mbele yangu, kwa mwandiko wako mwenyewe wa herufi za Kiarabu, nami naunakili usije ukasema nimeongeza:

*Mto umehama mara moja tu, na shamba la babu halipo.*
*Nyumba nilijenga mara moja tu, sijengi tena.*
*Baba alikufa mara moja tu.*
*Sijaona alikufa mara moja tu, hafi tena.*
*Nimekuacha mara moja tu, na yatosha.*

Basi. Hapana jina chini, hapana kwaheri.

Mimi sikuwapo barazani. Nilikuwa shambani, juu ya dungu, naamia ndege wasile mpunga wako. Akaja Mzee Mwinjuma mwenyewe, matope yamemfika magotini, akasimama chini ya ngazi. Nikamwambia, "Pandeni baba, huku kuna kivuli." Akasema, "Shuka wewe. Mtoro keshakuacha, na barua imesomwa mbele za watu." Nikamuuliza, "Na ndege je?" Akasema, "Ndege hawakuhusu tena."

Nikashuka. Nimepita kijijini na kombeo langu mkononi, watu wakinitazama na kutazama pembeni. Nimekaa eda nyumbani mwako kama sheria inavyotaka, na ndege wanakula.

Sitaki maneno mengi. Niambie jambo moja: umeniacha au hukuniacha?

Johari binti Dadi

*

Dar es Salaam, 20 Mei 1938

Mke wangu Johari,

Nasema mke wangu, na atakayebisha aje abishe mbele yangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nina hasira na Mzee Mwinjuma, mtu mzima mwenye mvi, anayesoma barua ya mke wa mtu kama anayenadi samaki. Nina hasira na waliokaa wakasikiliza mpaka mwisho. Na mimi mwenyewe sijisamehe kwa kuchanganya karatasi.

Sikiliza. Ule haukuwa ukurasa wa barua yako. Ilikuwa kazi ya Padri.

Unajua kwamba Padri Haskini anaitengeneza upya tafsiri ya kitabu chao, nami nimeajiriwa kumwambia mtu wa pwani husemaje. Najua Mbuchi wanasemaje juu ya jambo hilo. Nimeajiriwa kwa lugha yangu, si kwa dini yangu, na sala tano sijaacha hata moja. Mwezi wa nne tulikwama kwenye neno moja la Kiyunani, efapaksi. Katika sehemu yote wanayoiita Agano Jipya limo mahali patano tu. Mahali patatu ni waraka kwa Waebrania, wanaposema makuhani wa kale walichinja kila siku, lakini Isa, kwa imani yao wao, alijitoa efapaksi: jambo limefanyika, limekamilika, halirudiwi. Pa nne ni waraka kwa Warumi, kwa maana hiyohiyo. Pa tano ni kwa Wakorintho, wanaposema watu zaidi ya mia tano walimwona efapaksi, yaani wote pamoja kwa wakati mmoja.

Rasimu iliandika "mara moja", na Padri hakuridhika. Akaniambia, "Mtoro, nikikuambia njoo mara moja utakuja mbio. Mimi sitaki mbio. Nataka jambo lililofungwa lisifunguliwe tena." Nikamwambia tutie "tu" mwishoni. Akasema, "Nithibitishie. Niandikie sentensi ambazo mtu wa kwenu angezisema. Lakini usinibunie. Vitabu vyetu vimejaa sentensi za kubuni, ndiyo maana watu wenu wanavicheka. Nataka maneno ya kweli, mtu anayoyasema kwa mambo yake yaliyompata."

Nikakaa nikaandika, kwa herufi zetu, maana ndizo mkono wangu unazozikimbilia, nipate kuzinakili kwa herufi za Kizungu baadaye. Saa hiyohiyo nilikuwa nakuandikia wewe, karatasi zote mezani. Ukurasa wako wa pili, wenye habari ya kanga nilizompa Shaban, aliupata Padri. Juzi aliugeuza juu chini, akaniuliza neno kanga limetoka waraka gani.

Ningecheka kama si haya. Hakuna talaka, Johari. Kuna uzembe wa karatasi, basi. Panda dunguni kwako, na Mzee Mwinjuma akija tena mwambie ndege wanakuhusu.

Mumeo,
Mtoro bin Sadala

*

Mbuchi, mwezi tisa Mfunguo Saba
(8 Juni 1938)

Kwa mwanafunzi wangu Mtoro bin Sadala.

Alifu na be nilikufundisha mimi, kwa kiboko na kwa mapenzi, na leo alifu na be zako zimemshusha mke wako dunguni. Baada ya hayo, salamu.

Johari ameniletea barua yako akanitaka nitoe hukumu. Kwanza nikuambie sina ugomvi na kazi yako ya Padri. Mjua mikoko huuza boriti, mjua lugha atauza lugha. Ugomvi wangu ni na mtu aliyesoma, anayeandika neno la talaka kama anayeandika orodha ya sokoni. Neno lile halichezewi. Ungeweza kumpa Padri mfano wa jino lililong'oka.

Sasa hukumu. Mwenye kutamka talaka hukamatwa na ulimi wake, hata akisema nilikuwa natania. Mwenye kuandika huulizwa nia. Kama ulipoandika mstari ule ulikusudia kazi ya Padri, hapana kitu, na Johari ni mkeo kama jana. Kama ulimkusudia yeye, imepita talaka moja, na eda inahesabiwa tangu siku uliyoandika. Mzee Mwinjuma hawezi kuijua nia yako, na mimi pia siijui, ingawa nimekujua tangu hujui kufunga kikoi. Kwa hiyo niandikie kwa mkono wako: wallahi sikumkusudia Johari. Nitaisoma pale pale iliposomwa ile nyingine, na atakayeendelea kumsema Johari nitamnyamazisha mimi.

Ipo njia fupi zaidi, nakueleza kwa kuwa nimechoka na makelele. Kama una shaka, mrejee. Sema mbele ya watu wawili, "Nimemrejea mke wangu Johari," maadamu eda haijaisha. Yamekwisha. Yeye hahitaji kuulizwa. Nilipomweleza Johari njia hiyo, alinyanyuka akaondoka, akaniacha na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuniaga. Nimemsamehe.

Kuhusu neno la Padri wako sikutaka kulifikiria, lakini lilinifuata mpaka kwenye udhu. Mwambie sisi tunalo. Hija ni faradhi mara moja katika umri. Ukishahiji umetimiza, hudaiwi tena mpaka unaingia kaburini. Hilo ndilo jambo lililofungwa analolitafuta. Lakini lile la watu mia tano kuona kwa pamoja ni jambo jingine, asilitie katika kapu hilohilo hata kama Wayunani walilitia. Sisi wenyewe tuna watu wanaotoa talaka tatu kwa pumzi moja, na wanazuoni wamegombana kwa mamia ya miaka kama hizo ni tatu au ni moja.

Leta kiapo.

Abdulkarimu, Maalim

*

Mbuchi, 9 Juni 1938

Mtoro,

Hii inakuja pamoja na ya Maalim. Yeye ameandika ya sheria. Mimi naandika yangu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, nakiri. Nilitaka kukimbia barazani niwasomee wote habari za Padri na kanga. Mara ya pili nilianza kuona kitu. Mara ya nne nikawa na hasira kuliko siku niliyoshushwa dunguni, na siku ile, Mtoro, nilikuwa na hasira ya kuuma mbao.

Wewe mwenyewe umeandika. Padri hataki maneno ya kubuni, anataka ya kweli, mambo yaliyompata mtu. Haya, tukae wewe na mimi tuyatazame uliyompa.

Mto umehama, shamba la babu halipo. Kweli, nami nilikuwapo, tuliona migomba ikienda na maji. Nyumba ulijenga. Kweli, naikalia. Baba yako alikufa. Kweli, Mungu amrehemu, nilimkanda miguu mpaka mwisho. Sijaona wetu alikufa. Kweli.

Ya tano nayo?

Umempa Padri nne za kweli kutoka moyoni, halafu ulipofika ya tano ndipo ukabuni? Na kwa nini ubuni hiyo? Maalim amekutajia jino. Kuna kutahiriwa, kuna kuzaliwa, kuna mambo mia yanayompata mtu mara moja. Mkono wako ulikwenda wenyewe kwenye kuniacha mimi.

Na bado silo linaloniuma zaidi. Sijaona alikufa miaka miwili iliyopita. Ulikaa arobaini, ukaenda zako Dar es Salaam, na tangu hapo umeniletea barua kumi na moja. Ninazo zote kwenye kikapu. Hakuna hata moja uliyomtaja mwanangu. Nilidhani ni uchungu, nikakuheshimu, nami nikaacha kumtaja nisije nikakuumiza. Kumbe jina lake unaweza kuliandika. Unamwandikia Padri.

Mimi sitaki kurejewa. Kurejewa ni kwa aliyeachwa, nami bado sijui kama nimeachwa. Nataka kile kiapo. Maneno matatu tu, na Mungu juu yake. Ukiyaandika nitayaamini, sitauliza tena, nitapanda dunguni leoleo. Usiponiandikia, nitajua pia.

Johari

*

Dar es Salaam, 24 Juni 1938

Mke wangu Johari,

Sikujua kwamba nimemwoa kadhi. Umekaa na karatasi yangu ukaipima mstari kwa mstari, huu wa kweli, huu wa kubuni, kama anayechambua mchele. Hivi mtu haruhusiwi kuandika neno ambalo watu wengine husema? Wanaume wangapi Mbuchi wameacha wake zao? Nilikuwa naandika maneno ya watu wa delta. Neno "nimekuacha" ni neno la watu wa delta, na halihitaji kuwa langu.

Kwa kuwa humwamini mumeo, nimekwenda kwa Padri. Nimemweleza fedheha yote. Alishika kichwa. Ameandika barua kwa Kiswahili, akapiga muhuri wa ofisi yake, nami nimeitia humu. Humo anathibitisha kwamba tarehe ishirini Aprili aliniagiza sentensi juu ya neno lile, kwamba nilikuwa kazini siku hiyo tangu asubuhi mpaka saa kumi, na kwamba mimi ni mtu mwaminifu mwenye tabia njema. Msomee Mzee Mwinjuma. Msomee mwadhini. Isomwe barazani kwa sauti, maana ndivyo mnavyopenda.

Anakusalimu. Anasema pia mfano wa Maalim juu ya Hija umemsaidia kuliko vitabu vyake vyote, na kwamba lile la Wakorintho ataliandika kwa maneno mengine, kama Maalim alivyoshauri. Kwa hiyo fedheha yetu imewafaa wengine.

Kuhusu kukurejea: sitakurejea, kwa sababu hiyohiyo yako. Nikisema nimekurejea nimekiri kwamba nilikuacha. Mimi sitakiri jambo kwa ajili ya kuwanyamazisha wasengenyaji. Uliza Kibiti, uliza Ikwiriri, uliza popote nilipofanya kazi, kama kuna mtu aliyesema Mtoro ni mwongo.

Kuhusu mtoto, nakuomba tusiandikiane hayo. Kila mtu analia kwa njia yake.

Kanga zako zimefika? Shaban anasema alizikabidhi.

Mumeo,
Mtoro

*

Mbuchi, 3 Julai 1938

Mtoro,

Kanga zimefika. Sijazivaa.

Barua ya Padri nayo imefika na muhuri wake. Maalim aliitazama akaniuliza, "Huyu Padri alikuwamo kifuani mwa Mtoro saa ile?" Nikamwambia hapana, ameandika alikuwa chumba cha pili. Akainyoosha akanirudishia.

Nilikuomba maneno matatu. Umeniletea kurasa tatu, muhuri mmoja, salamu za Mzungu, Kibiti na Ikwiriri. Nimetafuta kiapo changu mle kama anayetafuta sindano mchangani. Hakimo. Umesema neno halihitaji kuwa lako. Hukusema halikuwa lako.

Wewe si mwongo, Mtoro, hilo ni kweli na ndilo linaloniua. Mwongo angekwisha kuapa, nami ningekuwa shambani.

Mpunga tumevuna nusu. Ndege wamekula nusu. Mzee Mwinjuma anasema ni kudura.

Nimekwisha kutoharika mara mbili. Imebaki moja, eda iishe.

Johari

*

Dar es Salaam, 12 Agosti 1938

Mama Sijaona,

Nusu ya barua hii niliiandika tarehe kumi na tano Julai, nikaifungia sandukuni. Sasa naimaliza, na nitakueleza kwa nini nilichelewa.

Ndiyo. Nilikukusudia. Mistari mitatu ya kwanza nilimwandikia Padri, hata nilikuwa nafurahia kazi. Wa nne, jina la Sijaona lilitoka kwenye kalamu kabla sijaamua. Nikalitazama. Nilikuwa sijaliandika tangu alipozaliwa, siku niliyoliandika nyuma ya msahafu. Nikapandwa na ghadhabu ya miaka miwili, nikaandika wa tano, nikikusema wewe Johari binti Dadi, si mke wa mfano. Kisha nikanywa maji, nikajiambia ni kazi, nikaitia karatasi kwenye bahasha yako bila kujua. Lakini wakati kalamu inapita nilikusudia, na siwezi kuapa kinyume chake.

Ghadhabu yenyewe ilikuwa hii. Nilikuwa nasema moyoni: mtoto ana homa, na mama yake amekaa naye dunguni siku tatu kwa ajili ya mpunga. Nimekulaumu hivyo kila nilipolala. Watu nao walikusema hivyo msibani, nami nilikuwa mlangoni nikiwasikia, sikuwakatiza.

Na wewe unajua kilichopo nyuma ya hayo, tunakijua watu watatu tu, wewe na mimi na Shaban. Siku ya kwanza ya homa ulimtuma Shaban, mimi nikiwa Kibiti napakia boriti. Ulisema, muulize Mtoro, mtoto ana joto, nishuke nimlete kwa dresa akatibiwe? Nikamjibu Shaban nikiwa na gogo begani, sikulitua hata gogo. Nikasema, mwambie asishuke, ndege watatumaliza, homa ya mtoto huja ikaondoka. Wewe ukatii. Msibani nilikuwa nangoja uniseme. Kila ulipofungua mdomo nilijua sasa atasema. Hukusema. Walikutukana, ukanyamaza, ukanipakulia chakula. Kimya chako kilinishinda, nikakimbilia huku, na kwa kuwa sikuweza kujichukia kila siku, nikakuchukia wewe.

Nilipofika hapo tarehe kumi na tano Julai ningeweza kuongeza mstari mmoja: nimekurejea. Maalim alisema wewe huna haja ya kuulizwa. Najijua, Johari. Ningeipeleka barua ile siku ile ningeuongeza, na ungekuwa umerudi kwangu kwa neno langu mimi tena, kama ulivyokaa dunguni kwa neno langu. Kwa hiyo niliifungia. Nikahesabu siku, nikazidisha siku kumi kwa tahadhari. Eda imekwisha. Sasa mimi si mume wako, na siwezi kukurudisha hata nikitaka. Naweza kuposa tu, kama mtu mwingine yeyote.

Naposa. Nimemwandikia Maalim na baba yako Mzee Dadi. Nitakuja Mbuchi, nitasema barazani, pale pale, nilichomwambia Shaban. Hilo halifungamani na jibu lako. Jibu lako nalingoja.

Mtoro bin Sadala

*

Mtunda, 4 Septemba 1938

Baba Sijaona,

Nipo Mtunda kwa baba tangu eda iishe. Tunalima mihogo, hakuna dungu.

Posa yako imefika. Maalim ameileta mwenyewe, akatembea kutoka Kibiti na miguu yake ile, akamsomea baba barua yako yote, pamoja na pale pa gogo begani. Baba alitoka nje. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikusema pia. Nilisema mbona hakushuka." Nikamwambia najua baba, nilikusikia.

Umeandika kwamba nilinyamaza, kama kwamba nilikuwa nakusitiri. Sikukusitiri. Nilikuwa nangoja useme wewe. Siku ya kwanza nilisema atasema leo. Siku ya tatu nilisema atasema kwenye hitima. Arobaini ilipofika nilisema anajikaza mbele za watu, atasema tukibaki wawili. Ukafunga mzigo. Barua kumi na moja, kila moja niliifungua nikitafuta neno hilo kabla ya kusoma salamu. Miaka miwili, Mtoro, nimekuwa muuaji wa mwanangu machoni mwa kijiji kizima, na wewe ulikuwa na neno la kunitoa, mkononi mwako, ukawa unamtafutia Padri maneno.

Sasa umesema. Umesema vizuri, hukujipaka mafuta. Maalim analia anapoisoma barua. Mimi sikulia. Nimeona hasira yangu bado ipo, imekaa palepale, haikuwa inangoja useme ndipo iondoke. Nilidhani ingeondoka.

Baba alipokupa mimi nilikuwa mwali. Walikuja wakaniuliza nyuma ya pazia, nikanyamaza, na kimya cha mwali ni ridhaa, wakapiga vigelegele. Sikujua kama nilikuwa nimekubali au nilikuwa naona haya. Jana Maalim ameniambia, "Wewe sasa si mwali. Kimya chako hakitoshi, sharti useme kwa mdomo wako, ndiyo au hapana, nisikie." Tangu nizaliwe hakuna aliyetaka kusikia. Mara moja ile niliyouliza mimi, nishuke au nisishuke, nilijibiwa na mtu mwenye gogo begani.

Ungenirejea mwezi wa saba bila kuniuliza, ningerudi. Ningekupikia, ningepanda dunguni, ningekuzalia mwingine kama Mungu angependa, na usingejua kamwe. Umefanya haki ukaniuliza, na kwa haki hiyo nakushukuru, nami nakujibu kwa haki. Nimesema sitaki. Nimesema mbele ya baba na Maalim, kwa sauti, na Maalim alinitaka nirudie nami nikarudia.

Kanga amekabidhiwa Shaban, bado zimekunjwa.

Nenda Mbuchi useme barazani kama ulivyoahidi. Ukitoka hapo pita kaburini. Lina vijiti viwili vya mkoko, na maji ya bamvua yamekiangusha cha kichwani. Mimi nilikisimamisha mara mbili kabla sijaondoka. Kisimamishe wewe sasa, na ukae na mwanao. Kwa hilo usimuulize mtu.

Johari binti Dadi